Mwandikie mkopeshaji kabla hajaanza kukuandikia

Kwa anayelipa mkopo wa nyumba Marekani, siku ya hatari hutangulia mnada kwa miezi mingi. Ni siku anapojua moyoni kwamba marejesho ya mwezi ujao hayatapatikana, kisha akanyamaza. Amepunguzwa kazini, au mwenzake ameugua, au wameachana na nyumba iliyokuwa ikilipiwa na mishahara miwili sasa inategemea mmoja. Barua za mkopeshaji zinaanza kuja, naye anazirundika juu ya friji bila kuzifungua, akijipa moyo kwamba akipata kazi baada ya miezi miwili atalipa zote na hakuna atakayejua. Naelewa vizuri kwa nini mtu hufanya hivyo. Aibu ya deni ni nzito. Lakini kimya hicho ndicho kinachokula muda, na muda ndiyo silaha pekee ambayo sheria imemwachia mkopaji.

Tumelelewa na usemi kwamba dawa ya deni ni kulipa, nami siupingi. Usemi huo unataka deni lilipwe. Hausemi lilipwe kwa kasi gani, kwa riba gani, wala kwamba masharti yaliyotiwa sahihi na mtu mwenye kazi mbili yabaki yale yale siku hana hata moja. Anayeomba masharti ya mkopo wake yarekebishwe hakimbii deni. Anaomba ratiba ambayo deni hilo litalipika, na ana haki ya kuiomba akiwa ameinua kichwa.

Kwanza ajue anayemwomba ni nani. Mara nyingi kampuni inayopokea marejesho yake kila mwezi si mwenye mkopo. Mkopo wenyewe ulishauzwa, ukachanganywa na mingine maelfu na kugeuzwa hati za uwekezaji zinazomilikiwa na wawekezaji wasiomjua. Kampuni anayozungumza nayo ni msimamizi tu wa mkopo: inakusanya fedha, inalipa kodi ya majengo na bima kutoka kwenye akiba ya mkopaji iliyotengwa kwa kazi hiyo, inatuma barua, na inafuata mwongozo uliowekwa na mwenye mkopo. Mwongozo huo hutofautiana. Mikopo iliyo chini ya Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba, ina utaratibu wake, iliyowekewa bima na FHA, idara ya serikali kuu ya bima ya mikopo ya nyumba, ina wake, ya wanajeshi wastaafu ina wake, na iliyo mikononi mwa wawekezaji binafsi inategemea mkataba wao. Ndiyo maana majirani wawili wenye shida moja hupata majibu tofauti, na ndiyo maana swali la kwanza kwenye simu liwe hili: mkopo wangu ni wa nani?

Pili, ajue kwamba uamuzi hufanywa kwa hesabu. Nyumba ikipigwa mnada, mwenye mkopo hulipia mawakili, kodi, bima na matengenezo, husubiri miezi nyumba ikiwa tupu, na mwishoni huiuza kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Hasara hiyo hulinganishwa na fedha zitakazoingia iwapo mkopo utarekebishwa, ikizingatiwa pia uwezekano kwamba mkopaji atashindwa tena. Marekebisho yakileta fedha nyingi kuliko mnada, yana nafasi. Yasipoleta, machozi hayabadilishi kitu. Kwa hiyo barua ya kueleza shida isiyo na tarakimu haina nguvu, hata kama imeandikwa kwa uchungu wa kweli.

Barua yenye nguvu ni fupi. Chukua mfano wa mtu ambaye mshahara wake umeshuka: "Nilipunguzwa kazini mwezi Machi. Tangu Juni nina kazi nyingine, lakini mapato yangu kabla ya makato yameshuka kutoka dola 5,200 hadi dola 3,900 kwa mwezi. Nataka kubaki katika nyumba hii. Kuanzia Septemba ninaweza kulipa dola 1,200 kila mwezi. Nimeambatanisha hati za mshahara za miezi miwili na barua ya mwajiri wa zamani." Sentensi tano, sita. Msomaji anajua nini kilitokea, kama kimekwisha au kinaendelea, na sasa kuna nini mfukoni. Jambo hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu mwombaji anatembea kwenye njia nyembamba: aonyeshe kwamba ana shida ya kutosha kustahili msaada, na papo hapo ana kipato cha kutosha kulipa baada ya kusaidiwa. Asiye na kipato kabisa aombe kwanza kusitishiwa malipo kwa muda, na marekebisho ya kudumu ayaombe kipato kikirudi. Wengi hukataliwa kwa kuomba kitu sahihi wakati usiofaa.

Kuna historia nyuma ya haya yote ambayo haipaswi kusahauliwa. Februari 2009, nyumba zikichukuliwa kwa kasi nchi nzima, serikali ya Rais Barack Obama ilitangaza mpango wa kurekebisha mikopo ya nyumba uliokuja kujulikana kama HAMP. Lengo lilikuwa kuwafikia wenye nyumba milioni 3 hadi 4. Kanuni yake ilikuwa rahisi kueleza: malipo ya mwezi yashushwe hadi asilimia 31 ya mapato ya familia kabla ya makato. Kwanza riba ishuke, hata kufikia asilimia 2. Isipotosha, muda uongezwe hadi miaka 40. Isipotosha tena, sehemu ya deni la msingi iwekwe kando bila riba. Mkopaji angelipa kwa majaribio miezi mitatu, kisha marekebisho yawe ya kudumu.

Mpango ulipofungwa mwishoni mwa 2016, waliokuwa wamepata marekebisho ya kudumu hawakufika milioni 2. Fedha za kuuendesha zilikuwepo. Kilichokwamisha ni mlango wenyewe. Watu walituma nyaraka zikapotea, wakatuma tena, wakaambiwa zile za kwanza sasa zimepitwa na wakati. Majaribio ya miezi mitatu yakavutwa yakawa mwaka. Na jambo lililowaumiza wengi kuliko yote: idara moja ya kampuni ikimwambia mkopaji ombi lake linashughulikiwa, idara nyingine ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikipanga tarehe ya mnada. Sababu moja ilikuwa namna wasimamizi wanavyolipwa. Ujira wao ni sehemu ndogo ya asilimia ya bakaa ya mkopo, na gharama walizotumia kupeleka nyumba mnadani hurudishwa kwao kabla mwekezaji hajapata senti. Saa za mfanyakazi anayekaa na faili la mtu mmoja mwenye shida hazikuwa na wa kuzirudisha kwa uhakika huo. Februari 2012 wasimamizi watano wakubwa walifikia makubaliano na serikali kuu na majimbo 49 yenye thamani ya dola bilioni 25, baada ya kubainika kwamba hati za kuchukua nyumba za watu zilikuwa zikitiwa sahihi kwa wingi na watu wasiozisoma.

Kutokana na uchungu huo zilizaliwa kanuni za CFPB, taasisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, zilizoanza kutumika 10 Januari 2014. Kila mkopaji anapaswa kuzijua kama anavyojua tarehe ya kulipa. Msimamizi haruhusiwi, kwa kawaida, kuanza hatua ya kwanza ya kisheria ya kuchukua nyumba mpaka malipo yachelewe kwa zaidi ya siku 120. Ombi likiwasili angalau siku 45 kabla ya mnada, lazima ajibu ndani ya siku 5 za kazi kwamba amelipokea, akitaja kilichopungua. Ombi kamili likimfikia zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, lazima alipime ndani ya siku 30 kwa njia zote za msaada ambazo mkopaji anaweza kustahili, na hawezi kuendelea na mnada huku akilipima. Akikataa kutoa marekebisho, ataje sababu. Na ombi kamili lililofika siku 90 au zaidi kabla ya mnada humpa mkopaji siku 14 za kukata rufaa, inayosikilizwa na watu wengine, si wale waliomkatalia. Wasimamizi wadogo wamesamehewa sehemu kubwa ya masharti haya. Na majimbo hayafanani: Texas nyumba inaweza kuuzwa bila kesi mahakamani, kwa kasi inayotisha, wakati New York na New Jersey shauri hupitia kwa hakimu na huchukua muda mrefu.

Soma tena kanuni hizo uone zote zimening'inia kwenye neno gani: kamili. Ulinzi mkubwa hauanzi mkopaji anapoomba. Unaanza faili linapokamilika, na anayesema limekamilika ni msimamizi.

Hapo ndipo watu wanapoangukia. Taarifa ya benki ina kurasa 6. Ukurasa wa 6 ni mweupe, umeandikwa tu kwamba umeachwa wazi kwa makusudi. Mkopaji, kwa akili ya kawaida, anatuma kurasa 5. Faili si kamili. Barua ya kumjulisha inatumwa, inachukua siku kadhaa kufika, naye anatuma ukurasa ule mweupe, lakini sasa hati ya mshahara aliyotuma mwanzo imezeeka, inatakiwa mpya. Anayejiajiri ana shida zaidi, maana anatakiwa aandae taarifa ya mapato na matumizi ya biashara ambayo hajawahi kuiandika maishani. Mama anayeishi na kijana wake anayechangia gharama za nyumba anatakiwa athibitishe mchango huo, na fedha zenyewe hutolewa mkononi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoeleza kama mtu huyu ataweza kulipa dola 1,200 kila mwezi. Lakini kila kimoja kinaweza kumfikisha ndani ya zile siku 37.

Kwa hiyo anayeomba leo atume kila ukurasa, hata mweupe. Aandike namba ya mkopo juu ya kila karatasi. Abaki na ushahidi wa kutuma, aandike jina la kila aliyezungumza naye na tarehe, apige simu kila wiki kuuliza swali moja tu: faili langu limetamkwa kuwa kamili? Kama jibu ni ndiyo, aombe barua inayosema hivyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu kupewa marekebisho na kusaidika ni mambo mawili. Tuchukue bakaa ya dola 200,000 kwa riba ya asilimia 7. Kwa miaka 30, malipo ya deni na riba ni kama dola 1,331 kwa mwezi. Mkopeshaji akisema tunakuongezea muda hadi miaka 40 kwa riba ile ile, malipo yanashuka hadi dola 1,243. Nafuu ni dola 88. Kwa nafuu hiyo, mkopaji akifika mwisho wa mkopo atakuwa amelipa zaidi ya dola 117,000 juu ya zile ambazo angelipa kwa ratiba ya miaka 30. Riba ikiwa juu, kurefusha muda peke yake ni msaada mdogo wenye bei kubwa, na ni kawaida kuona mtu akitia sahihi kwa furaha kwa sababu barua imeandikwa juu kwamba ombi lake limekubaliwa.

Hali ni mbaya zaidi kwa waliokopa mwaka 2020 na 2021, riba ilipokuwa karibu asilimia 3. Bakaa ile ile ya dola 200,000 kwa riba ya asilimia 3 na miaka 30 hulipwa kwa dola 843. Mtu huyo akirekebishiwa mkopo kwa riba mpya ya asilimia 7, hata akipewa miaka 40, malipo yanapanda hadi dola 1,243. Ameomba nafuu, akapewa mzigo. Kwake yeye njia bora ni ile isiyogusa mkopo wa awali: malimbikizo yatengwe, yawe deni la pili lisilo na riba, lilipwe siku nyumba itakapouzwa au mkopo utakapomalizika. FHA inayo njia hiyo kwa mikopo iliyowekewa bima nayo, na Fannie Mae na Freddie Mac wana utaratibu unaofanana wa kusogeza malimbikizo mwisho wa mkopo. Kabla ya kutia sahihi chochote, mkopaji aulize riba mpya ni ngapi, malipo ya mwisho yataangukia mwaka gani, na malimbikizo yamewekwa wapi. Yakiongezwa kwenye deni la msingi, yanaanza kuzaa riba. Kila mwezi wa kimya uliopita kabla ya kuomba umo ndani ya tarakimu hiyo.

Wachumi Peter Ganong na Pascal Noel wa Chuo Kikuu cha Chicago walichunguza marekebisho ya enzi za HAMP. Walikuta kwamba kwa watu ambao deni lao lilizidi thamani ya nyumba, kupunguziwa deni la msingi bila malipo ya mwezi kushuka hakukuwazuia kushindwa kulipa. Kilichosaidia ni kushuka kwa malipo ya mwezi. Katika utafiti mwingine walionyesha kwamba wanaoacha kulipa kwa hesabu za faida tu, bila pigo lolote maishani, ni wachache sana. Matokeo haya mawili yanagonga moja kwa moja hoja ambayo wakopeshaji wamekuwa wakiitumia miaka yote kutetea milima ya makaratasi, kwamba mlango ukifunguliwa watu wazima na afya zao watajifanya wagonjwa wa deni.

Mwaka 2020 mlango ulifunguliwa. Sheria ya CARES, iliyosainiwa 27 Machi 2020, ilimpa kila mwenye mkopo ulio chini ya dhamana ya serikali kuu haki ya kusitishiwa malipo kwa hadi siku 180, na kuongezewa nyingine 180, kwa kutamka tu kwamba janga la UVIKO-19 limemletea ugumu wa fedha. Hati ya mshahara haikuhitajika, wala ukurasa mweupe wa taarifa ya benki. Ilipofika Juni mwaka huo, zaidi ya asilimia 8 ya mikopo ya nyumba nchini ilikuwa imesitishiwa malipo. Baadaye wengi walirudi kulipa, au walisogezewa malimbikizo mbele, au waliuza nyumba na kuondoka na fedha zao. Wimbi la minada lililotabiriwa halikutokea. Ni kweli bei za nyumba zilikuwa zikipanda na serikali iligawa fedha kwa wananchi, na hayo yalisaidia sana. Lakini hayafuti alichokithibitisha mkopaji wa 2020: akiaminiwa mapema, kwa maneno machache, hupata pumzi ya kujipanga, na mkopeshaji haangamii.

Upo upande mmoja ambapo kuaminiana kumewaponza watu wetu, nao ni wakala anayejitokeza nyumba ikishaingia kwenye orodha ya mnada. Anazungumza lugha yako, anasali mahali unaposali, anakwambia usizungumze tena na mkopeshaji, umlipe yeye ada ya kwanza naye atamaliza kila kitu. Kanuni ya mwaka 2010 ya FTC, tume ya serikali kuu inayosimamia haki katika biashara, inakataza kampuni za namna hii kupokea malipo kabla mkopaji hajapewa kwa maandishi pendekezo la mkopeshaji na kulikubali. Anayedai fedha mbele ameshavunja kanuni hiyo, na anayeomba umhamishie hati ya nyumba "kwa muda" anaitaka nyumba. Washauri wa makazi walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, husaidia kuzuia mnada bila malipo, na wanaweza kukaa na mkopaji kwenye simu ya msimamizi.

Julai 2024 CFPB ilipendekeza kanuni ibadilishwe, ulinzi dhidi ya mnada uanze pale mkopaji anapoomba msaada, badala ya kusubiri faili litamkwe kuwa kamili. Pendekezo hilo lilitaka pia baadhi ya barua muhimu zipatikane kwa lugha nyingine kwa wasiojua Kiingereza vizuri. Nauunga mkono mpango huo kwa nguvu zote, hasa sehemu ya kwanza. Anayepoteza kazi Jumatatu anaweza kupiga simu Jumanne na kusema ukweli wake. Kukusanya nyaraka za miezi miwili, kuzituma, kuzituma tena na kusubiri zihesabiwe kunaweza kumchukua mpaka msimu mwingine, na katika miezi hiyo yote riba inaendelea, ada za kuchelewa zinaongezeka, na idara ya minada haijaambiwa isimame.